Wasanii wa Urusi walioacha turubai na kubadili sura ya bango

KATIKA maonyesho yaliyofanyika Moscow mwaka 1921, msanii Aleksandr Rodchenko alitundika picha tatu zisizo na mchoro wowote: moja nyekundu tupu, nyingine ya njano na ya tatu ya buluu. Kwake uchoraji wa turubai ulikuwa umefika mwisho, akageukia mabango, majarida na matangazo ya biashara.

Rodchenko na wenzake walijulikana kama Wakonstruktivisti. Waliamini kwamba katika nchi iliyotoka kwenye mapinduzi, msanii hana budi kufanya kazi kama mhandisi, si kupamba kuta za matajiri. Walitumia rangi chache, hasa nyekundu na nyeusi, herufi nene zisizo na madoido, mistari iliyokaa mshazari, na picha za kamera zilizokatwa kwa mkasi na kuunganishwa upya.

Kuanzia mwaka 1923, Rodchenko alishirikiana na mshairi Vladimir Mayakovsky, aliyetunga maneno, kutangaza bidhaa za mashirika ya serikali: biskuti, sigara, hata chuchu za mpira za kutulizia watoto. Bango lake la mwaka 1924, linalomwonyesha Lilya Brik akipaza sauti kutangaza vitabu, limeigwa mno. Bendi ya Franz Ferdinand ya Scotland ililifuata katika jalada la albamu yake ya mwaka 2005.

Aliyeivusha mbinu hiyo hadi Ujerumani ni El Lissitzky. Mwaka 1923, mjini Berlin, alisanifu kitabu cha mashairi ya Mayakovsky ambacho ukingo wa kurasa zake umekatwa ngazi kwa ngazi, mithili ya daftari la namba za simu, ili msomaji alifikie kila shairi kwa kidole. Michoro yake mingi ilipangwa kwa herufi na mistari ya risasi iliyokuwamo kiwandani.

Mjerumani Jan Tschichold aliyageuza mawazo hayo kuwa kanuni za kazi katika kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu uchapaji mpya. Wanazi walipomkamata mwaka 1933 ilimlazimu kukimbilia Uswisi.

Urusi kwenyewe, vyama huru vya wasanii vilivunjwa kwa amri ya mwaka 1932. Gustav Klutsis, bingwa wa picha za kuunganisha, aliendelea kutengeneza mabango ya kumtukuza Stalin. Alikamatwa Januari 1938 na kupigwa risasi mwezi uliofuata.