Redio na Wapenzi wa Kompyuta

Historia ya mitambo aghalabu huandikwa kwa majina ya wavumbuzi na makampuni. Msomaji huambiwa ni nani aliyeunda chombo fulani, mwaka gani, na mali kiasi gani ilipatikana kwacho. Ni mara chache huambiwa habari za watu wa kundi la tatu, wasiovumbua wala wasiouza: wale wanaokipenda chombo kwa ajili yake chenyewe, wakakifungua wajue kilichomo ndani, wakakusanyika jioni kupeana habari zake. Watu hawa walikuwa na mikutano yao, magazeti yao na vipindi vyao vya redio. Katika vipindi hivyo habari za vyombo vipya zilitangazwa, barua za wasikilizaji zilisomwa na kujibiwa, na kwa muda wa miaka michache lilifanyika jambo ambalo leo laonekana kama ngano: kompyuta zililishwa maarifa kwa sauti ya redio. Jinsi jambo hilo lilivyotokea, na sababu ya kulikumbuka, ndiyo maudhui ya insha hii.

Desturi za watu hawa zilitangulia kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwako Marekani na Ulaya watu waliojiundia mitambo ya redio nyumbani, wakasemezana usiku kwa ishara za Morse na wageni wasiopata kuonana nao. Mwaka 1914 wapenzi hao wa Marekani waliunda chama chao, American Radio Relay League, na jina lenyewe lilitaja kazi yao, yaani kupokezana. Ujumbe uliotoka kwa mmoja ulichukuliwa na wa pili, na wa pili akampa wa tatu, hata ukafika ulikokusudiwa, pasipo ujira. Kompyuta ndogo zilipotokea, zilikuta desturi ya kupokezana imekwisha komaa.

Tarehe 5 Machi 1975 watu 32 walikutana katika banda la gari la Gordon French, mjini Menlo Park katika jimbo la California, kwa sababu ya Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Chombo hicho hakikuwa na kioo wala bao la herufi; kilikuwa na swichi na taa tu. Mkutano huo ulizaa chama kilichoitwa Homebrew Computer Club. Lee Felsenstein, alipokuwa mwendeshaji wa mikutano yake, aliigawa sehemu mbili. Kwanza kila mwenye habari, haja au swali alilisema mbele ya wote; kisha baraza lilivunjwa, na kila mtu akamwendea yule mwenye kile akitakacho. Mpango huu mwepesi ni mfano wa vipindi vingi vya wapenda mitambo vilivyofuata: habari hutangulia, mazungumzo hufuata, na mazungumzo ndiyo huwarudisha watu wiki ya pili.

Katika mwezi wa Aprili wa mwaka uleule mwanachama mmoja, Steve Dompier, aliweka redio ndogo karibu na Altair yake, akaingiza tarakimu kwa kupandisha na kushusha swichi, na redio ikapiga wimbo. Altair haikuwa na kipaza sauti. Mivumo ya umeme wake ilikuwa ikiingilia redio iliyo jirani, na Dompier alikuwa amegundua namna ya kuipanga mivumo hiyo iwe muziki. Wenzake walimshangilia sana. Hapo kompyuta na redio zilikutana kwa bahati. Baada ya miaka michache zilikutanishwa kwa makusudi.

Lakini udugu huo haukukosa ugomvi. Programu ya lugha ya BASIC, iliyoandikiwa Altair na Bill Gates na wenzake, ilinakiliwa na wanachama katika utepe wa karatasi wenye matundu, ikagawiwa bure kwa sharti moja: achukuaye nakala moja arudishe mbili. Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi yenye maneno makali. Alisema kuwa walioinunua programu hiyo hawakufika hata mmoja katika kumi ya wenye Altair, na kuwa kwa hesabu ya saa zilizotumika, ujira wa kazi haukufika dola 2 kwa saa. Akauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ufundi kwa bure.

Swali hilo lilikuwa la haki, wala halikustahili kejeli. Mtu anayegawa jasho la mwenzake pasipo idhini hawi mkarimu. Mkarimu ni yule agawaye lake. Hata hivyo swali hilo lilikuwa na jibu ambalo pengine mwulizaji hakulitazamia, nalo lilitolewa kwa matendo. Walikuwako watu wengi waliokuwa tayari kuandika programu zao wenyewe na kuzitoa bila malipo, mradi wapate njia ya kuzifikisha kwa wenzao. Njia hiyo ilipatikana Ulaya, nayo ilikuwa redio.

Kompyuta za nyumbani za wakati ule ziliweka programu katika kaseti za kawaida, zilezile zinasazo muziki. Kila herufi iligeuzwa kuwa mlio, na kompyuta iliposikia mlio huo tena iliurudisha kuwa herufi. Basi kilichoweza kukaa katika kaseti kiliweza pia kupita hewani. Shirika la utangazaji la Uholanzi, NOS, lilikuwa na kipindi cha wapenda ufundi kilichoitwa Hobbyscoop, na katika kipindi hicho watangazaji walianza kurusha programu. Msikilizaji aliweka kinasa sauti chake tayari, akanasa kelele ile iliyomkera kila mtu mwingine nyumbani, kisha akaisomesha kompyuta yake.

Shida ilitokea mara moja. Kila kampuni ilikuwa na mlio wake, na kila kompyuta ilikuwa na lahaja yake ya BASIC. Programu iliyorushwa kwa wenye kompyuta za Apple haikuwafaa wenye Commodore, na iliyowafaa hao haikueleweka na wenye TRS-80. Ilibidi jambo moja lirushwe mara nyingi, na muda wa redio ni mali isiyopotezwa ovyo. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliundwa lugha ya pamoja, ikaitwa BASICODE.

Ufundi wake ulikuwa wa kiasi, na katika kiasi hicho ndimo ilimokuwa busara yake. Sifuri ilikuwa wimbi moja la sauti lenye mitikisiko 1200 kwa sekunde. Moja ilikuwa mawimbi mawili ya sauti nyembamba zaidi, yenye mitikisiko 2400. Kila herufi ilichukua alama 11, yaani 8 zake mwenyewe na 3 za kuonyesha mwanzo na mwisho. Kwa kipimo hicho herufi 109 hivi zilipita katika kila sekunde, na ukurasa wa herufi 2000 ulimalizika kabla ya sekunde 20. Ama lugha yenyewe, ilitumia maneno yale tu ya BASIC yaliyojulikana kwa kompyuta zote. Kazi ambazo kila kompyuta ilizifanya kwa namna yake, kama kufuta kioo au kuweka alama mahali fulani, zilipewa nambari maalumu. Mistari iliyo chini ya nambari 1000 iliachiwa mkalimani wa kila kompyuta. Mwandishi wa programu alianza kazi yake katika mstari wa 1000. Mtu aliyeandika agizo la kwenda mstari wa 100 alijua kuwa kioo kitafutwa, iwe kompyuta ni ya aina gani, wala hakuwa na haja ya kujua kitafutwa vipi.

Msemaji wa Kiswahili haoni ugeni katika shauri hili. Watu wa makabila mengi wakikutana sokoni au bandarini hawangoji mpaka mmoja awashinde wengine kwa lugha yake. Hutafuta maneno yanayoeleweka na wote, na kila mmoja hubaki na lugha ya nyumbani kwake. Tofauti ni kuwa lugha ya watu hukua ikapata mashairi, na BASICODE ilibaki katika umaskini wake. Matoleo yake ya kwanza hayakuwa na rangi wala picha, na mwandishi wa programu alilazimika kuacha mapambo yote ambayo kompyuta yake ingeweza kumpa. Aliacha umaridadi ili asikike na wengi. Mpango huo ulivuka mipaka ya Uholanzi: BBC ya Uingereza iliutumia katika kipindi chake The Chip Shop, na mwishoni mwa miaka ya 1980 redio ya Ujerumani Mashariki ikautumia pia. Serikali zilizotazamana kwa silaha ziliacha mlio mmoja ueleweke pande zote mbili za ukuta.

Mahali ambapo redio ilihitajiwa zaidi palikuwa Yugoslavia. Huko sheria ilimkataza mtu binafsi kuingiza kutoka nje kitu kilichozidi thamani ya Mark 50 za Ujerumani, na kompyuta ilizidi kiasi hicho kwa mbali. Wengine walizipitisha mpakani kwa siri, na wengi walikosa. Mwaka 1983 fundi mmoja, Voja Antonić, alipokuwa katika mapumziko pwani ya Montenegro, alifikiri namna ya kuifanya chipu ya Z80A ichore yenyewe picha katika kioo cha televisheni, ili gharama ya chombo cha pekee cha kazi hiyo iondoke. Kwa fikira hiyo alibuni kompyuta ambayo mtu angeweza kuiunga nyumbani, ikaitwa Galaksija kwa jina la gazeti la sayansi la Belgrade. Michoro yake ilichapishwa katika toleo maalumu la gazeti hilo la Januari 1984, ambalo sehemu yake kubwa iliandikwa na kijana Dejan Ristanović. Watu wapatao 8000 waliagiza vipande vya kuungia. Nafasi katika chipu yake ya kudumu ilikuwa kilobaiti 4 tu, hata BASIC yake ikawa na majibu matatu ya makosa: kwamba haikuelewa neno, kwamba haikujua lifanywe vipi, na kwamba kumbukumbu haikutosha.

Kompyuta bila programu ni sanduku tupu, na madukani programu hazikuwako. Zoran Modli, mtangazaji wa kipindi cha Ventilator 202 cha redio ya Belgrade, alishauriwa arushe programu hewani. Modli alikuwa mtu wa muziki na pia rubani wa ndege; alikubali. Kati ya mwaka 1983 na 1986 kipindi chake kilirusha programu zipatazo 150, kwa Galaksija na kwa kompyuta nyingine zilizokuwa nchini. Palikuwa na michezo, misaada ya masomo, na hata magazeti yasiyochapishwa katika karatasi. Nyingi kati ya programu hizo zilitoka kwa wasikilizaji wenyewe. Mtu alinasa programu, akaisoma mstari kwa mstari, akairekebisha au akaandika nyingine, akairudisha redioni kwa njia ya kaseti, na juma lililofuata msikilizaji wa mji mwingine akaipokea.

Hapa ndipo lilipo jambo la kuzingatiwa. Kipindi cha redio kwa desturi hutoka kwa mmoja kwenda kwa wengi, na wengi hunyamaza. Katika Hobbyscoop na Ventilator 202 wasikilizaji walikuwa wasomaji na waandishi kwa pamoja. Kilichotolewa kilikuwa chao, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Na lawama ya mwaka 1976 haikuwagusa.

Ventilator 202 ilikoma mwaka 1987, na nchi iliyoisikiliza ikavunjika baada ya miaka michache. Disketi, na baadaye intaneti, ziliipokonya redio kazi ile. Vipindi vya wapenda mitambo viliendelea kwa sura nyingine. Marekani, The Computer Chronicles ya Stewart Cheifet iliwaonyesha watazamaji wa televisheni vyombo vipya hata mwaka 2002, na mwaka 2005 Leo Laporte alianzisha This Week in Tech, mazungumzo ya wajuzi yasambazwayo kwa intaneti. Vyote viwili vina elimu na ucheshi. Lakini kadiri chombo kilivyozidi kufungwa kisifunguliwe na mwenye kukinunua, ndivyo mazungumzo ya vipindi vya namna hii yalivyozidi kuelekea swali la kununua au kutonunua. Mtu aulizwaye swali hilo peke yake ni mteja. Aulizwaye ameandika nini, au ametengeneza nini, ni mwenzi.

Mwaka 1995 Antonić alizitupa Galaksija za kwanza alizoziunda kwa mikono yake, akidhani hapana atakayezitaka tena. Alikosea, maana Galaksija sasa huwekwa katika makumbusho. Lakini makumbusho huhifadhi sanduku, na sanduku halisemi ni nani aliyeandika programu usiku akampelekea mtu asiyemjua. Habari hiyo imo katika kaseti zinazochakaa na katika vichwa vya watu waliokwisha zeeka. Modli mwenyewe alifariki mwaka 2020. Mwanahistoria atakayeitaka hana budi kuitafuta huko, na kuitafuta mapema.