Maua ya Naivasha na Saa ya Aalsmeer

Kila mwaka majira ya joto yanapoingia Uholanzi, kuanzia mwezi Juni, maua huwa mengi kuliko wanunuzi. Mashamba ya Ulaya yenyewe huchanua, na watu wengi hufunga nyumba zao wakaenda likizo. Hapo ndipo bei inapoteremka katika soko kuu la jumla la Aalsmeer, jirani na jiji la Amsterdam. Na bei ikiteremka Aalsmeer, kibarua wa Naivasha, katika nchi jirani ya Kenya, hupunguziwa siku za kazi.

Soko hilo lina historia yake. Wakulima wa Aalsmeer walianzisha minada miwili, mmoja mwaka 1911 na wa pili mwaka 1912, ili wauze kwa umoja badala ya kila mmoja kusimama peke yake mbele ya mfanyabiashara. Minada hiyo iliungana mwaka 1968, na jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka 1972. Uuzaji wake hufuata saa ya mnada. Mshale huanzia bei ya juu, kisha hushuka, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayepata mzigo. Leo wanunuzi wengi hubonyeza wakiwa mbali, kwa kompyuta, lakini kanuni ni ile ile. Ni saa iliyoundwa na wakulima wa Uholanzi kwa manufaa yao.

Kenya iliingia katika biashara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kampuni ya Kidenmaki ilipoanza kilimo cha maua nchini humo. Naivasha ilikuwa na jua la mwaka mzima, hewa ya nyanda za juu na maji baridi ya ziwa. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, kupasha joto nyumba za vioo za Ulaya kukawa ghali, na jua la Afrika likazidi kuwa na thamani. Kituo kipya cha abiria na mizigo katika uwanja wa ndege wa Nairobi kilifunguliwa mwaka 1978. Kenya ikawa ya kwanza barani Afrika kwa kuuza maua nje. Hata maua ya Arusha, kwa sehemu kubwa, yamesafirishwa kupitia Namanga ili yapandie ndege Nairobi.

Hata hivyo, jua halikubadili ukweli mmoja. Kwa kuwa majira ya joto ya Ulaya hayana faida kubwa, mkulima wa Naivasha huyategemea majira ya baridi, na hasa majuma machache kabla ya tarehe 14 Februari, sikukuu ya wapendanao. Majuma hayo ndiyo yanayobeba mwaka.

Ni katika majuma hayo hayo ndipo maafa yalipotokea mwaka 2008. Mgogoro wa uchaguzi wa Desemba 2007 ulifika Naivasha mwishoni mwa Januari. Watu waliuawa, wengine wakachomwa moto ndani ya nyumba, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wakakimbilia kituo cha polisi na gereza kuokoa maisha yao. Tarehe 29 Januari helikopta za jeshi zilitumika kutawanya umati. Waridi lilikuwa tayari shambani, na waridi halingoji. Malori yakaenda Nairobi kwa misafara, yakisindikizwa na walinzi wenye silaha, barabara ya kilomita zisizofikia mia moja. Maua yalifika Ulaya. Lakini wengi wa waliokuwa wakiyakata walikuwa wamekimbia. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Mapatano ya viongozi yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, sikukuu ikiwa imekwisha pita.

Ni dhahiri kwamba bunduki yaweza kufikisha lori uwanjani, lakini haiwezi kumrudisha kibarua aliyemkimbia jirani yake. Askari anayesimama barabarani hulinda mzigo wa siku moja. Amani baina ya wananchi ndiyo inayolinda mavuno ya mwaka mzima, na hiyo haina majira ya bei kushuka.