Athari za halijoto kwa vigunduzi vya sintilesheni

Athari za halijoto kwa vigunduzi vya sintilesheni ni mabadiliko ya vipimo yanayotokea fuwele ya kigunduzi inapopata joto au kupoa, ingawa mionzi yenyewe haijabadilika.

Fuwele, mara nyingi ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thali kidogo, hummweka ikipigwa na mionzi ya gama, na mrija wa kukuza mwanga hugeuza mmweko kuwa mpigo wa umeme. Ukubwa wa mpigo ndio unaotambulisha elementi. Juu ya 25 °C mwanga wa fuwele hii hupungua takriban 0.3% kwa kila 1 °C inayoongezeka. Mrija nao hubadilika.

Wajiolojia hutumia vigunduzi hivi kutofautisha miamba. Mkoani Kagera, Ngara ina miamba mashapo ya kale ya Karagwe-Ankole, Biharamulo ina graniti pamoja na miamba ya kijani yenye dhahabu. Graniti huwa na potasiamu nyingi, ambayo kilele chake ni keV 1461 na huhesabiwa kati ya keV 1370 na 1570. Fuwele ikiongezeka joto kwa 15 °C tangu asubuhi, kilele hushuka hadi karibu keV 1395 na sehemu yake hutoka nje ya mipaka. Mwamba uleule huonekana mchana kuwa na potasiamu pungufu, na ramani haionyeshi dalili yoyote ya kosa.

Vifaa vya kisasa hufuata kilele cha potasiamu au cha thori (keV 2615) na kujisahihisha. Vya zamani hupimwa upya mara kwa mara kwa chanzo kinachojulikana. Fuwele ikitolewa ghafla kwenye gari lenye kiyoyozi hadi juani, inaweza kupasuka.