Chapa ya Jimbo Haikumkinga Mnunuzi

Oktoba 2009 sheria ya ajabu ilianza kutumika katika jimbo la Montana, Marekani. Ilisema kwamba bunduki iliyotengenezwa Montana, ikabaki humohumo Montana, isiguswe na sheria za serikali ya shirikisho. Sharti ni chuma chake kipigwe chapa ya "Imetengenezwa Montana". Hata springi, skrubu na nati zilitajwa: zikitoka jimbo jingine, bunduki haikupoteza uzawa wake.

Ugomvi huu wa majimbo na serikali ya shirikisho ni wa kale. Mwaka 1832 South Carolina ilitangaza kuwa ushuru wa forodha uliowekwa na Washington ni batili ndani ya mipaka yake. Rais Andrew Jackson akatishia kutumia jeshi. Ushuru ukapunguzwa, jimbo likalegeza kamba.

Montana iliegemea neno moja la Katiba: biashara baina ya majimbo. Kisichovuka mpaka, ilidai, Bunge la Washington halina haki nacho. Hoja inavutia, lakini mkulima Roscoe Filburn wa Ohio alikwishaijaribu. Aliruhusiwa kulima ekari 11.1 za ngano, akapanda 23. Ziada, alisema, ni ya nyumbani na ya mifugo yake. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba ngano anayojilimia ni ngano asiyoinunua, na wakulima kama yeye wakiwa wengi, bei ya nchi nzima hutikisika. Mwaka 2005 hoja hiyohiyo ikaiangukia bangi ya dawa iliyooteshwa nyumbani California. Aliyesoma hukumu hizo mbili aliona mapema Montana inakoelekea.

Gary Marbut, mwanaharakati aliyeuandika mswada ule, alitaka kutengeneza bunduki ndogo ya .22 ya vijana, aliyoiita Montana Buckaroo. Namsifu kwa jambo moja: alitangulia mahakamani kabla ya kuingia karakana. Akashindwa, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikamkatalia tena. Kufikia hapo Tennessee, Utah, Wyoming na majimbo mengine yalikuwa yameiga sheria ya Montana.

Mwaka huohuo Kansas ikapitisha ya kwake, kali zaidi: ofisa wa shirikisho atakayeingilia silaha za Kansas atakuwa mhalifu. Askari mmoja mstaafu akaenda dukani, akanunua kizuia sauti cha bunduki kilichochongwa maneno "Imetengenezwa Kansas". Hakukisajili wala hakukilipia kodi ya dola 200, kwani sheria ya jimbo lake ilimwambia hana haja. Lakini sheria ya shirikisho ya vizuia sauti, ya mwaka 1934, wakati huo ilisimama juu ya mamlaka ya kutoza kodi. Kwa mamlaka hayo, kuvuka au kutovuka mpaka hakubadilishi kitu. Mwaka 2016 yeye na muuzaji wakatiwa hatiani, na utetezi kwamba waliitegemea sheria ya Kansas ukakataliwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza. Hakuna mbunge hata mmoja wa Kansas aliyesimama kizimbani pamoja nao, na hilo naliona ni dhuluma.

Texas, mwaka 2021, iliandika sheria yake kwa hadhari: mwananchi anayetaka kutengeneza kizuia sauti amwarifu kwanza mwanasheria mkuu wa jimbo, naye ndiye aende mahakamani. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa iliitupa kesi hiyo. Raia waliokuwa ndani yake waliingia kama walalamikaji, wakatoka bila hatia yoyote.