Kisu cha jikoni chenye nakshi: jinsi kinavyotengenezwa kwa mkono

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Tatizo ni kwamba visu vingi vya mapambo vinapendeza tu, kukata haviwezi. Macho ya mteja yanaenda kwenye mpini, lakini ubora wa kisu unaamuliwa kwenye moto.

Malighafi

Kwa fundi wa Dar es Salaam, vitu viko karibu. Springi chakavu za magari zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu. Mpingo wa mpini na wachongaji wake wapo Mwenge, Kinondoni, eneo maarufu kwa vinyago.

Kwa nini springi? Ina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukifanya chuma kiwe kigumu. Nondo nyingi zina kaboni kidogo, hivyo hata zikinolewa makali hulala mapema. Springi yenye ufa haifai, hata iwe ya bure.

Hatua kwa hatua

1. Kufua: Springi inapashwa kwenye moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu, kisha inanyooshwa na kufuliwa kwa nyundo.

2. Kuchonga umbo: Grenda na tupa vinatoa umbo. Matundu ya misumari ya mpini yanatobolewa sasa, chuma kikiwa bado laini.

3. Kuzima: Kwenye nyuzi joto kama 770, chuma kinaacha kushika sumaku. Fundi anaongeza moto kidogo, kisha anakizamisha kwenye mafuta. Maji yanapoza haraka mno, kisu kinaweza kupasuka. Baadaye tupa ikiteleza juu yake bila kung'ata, chuma kimekubali.

4. Kupunguza ukali wa ugumu: Hapa ndipo wenye haraka wanapata hasara. Kisu kilichotoka kuzimwa ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Kikidondoka kwenye sakafu, kwisha kazi. Kinawekwa kwenye oveni, nyuzi joto kama 200, kwa saa mbili.

5. Mpini: Vipande viwili vya mpingo vinabana chuma kwa gundi na misumari ya shaba, kisha vinachongwa nakshi na kupigwa msasa. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, na ndio unaotengenezewa klarineti. Vumbi lake linawasha, hivyo barakoa ni lazima.

6. Kunoa: Kama grenda inatumika, kisu kinachovywa kwenye maji kila mara. Makali yakigeuka bluu, ugumu umeondoka na kazi ya moto inaanza upya.

Matunzo

Chuma hiki kinashika kutu. Baada ya kukatia ndimu au nyanya, kinaoshwa, kinakaushwa hapo hapo na kupakwa mafuta ya kula kidogo. Kisilale kwenye beseni la vyombo.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe nyanya mbivu. Ganda likikatika bila kubonyezwa, hicho ni kisu. Nyanya ikipondeka, hilo ni pambo la ukutani, na bei iwe ya pambo.