Jibu la njiani: historia ya kuchepusha mtandao

Kuchepusha mawasiliano ya mtandaoni ni mtoa huduma kumpeleka mteja mahali asikoomba kwenda. Jambo hili linawezekana kwa sababu simu yenyewe haijui tovuti iko wapi. Mnunuzi wa almasi akiandika jina la tovuti akiwa Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, Tanzania, ulio kando ya mgodi wa almasi wa Mwadui, simu yake kwa kawaida huuliza kwanza seva ya kampuni ya laini anayotumia: jina hili lina anwani gani ya tarakimu? Mfumo huo wa majina, DNS, ulibuniwa mwaka 1983, na ulijengwa kwa kuaminiana: anayeulizwa atajibu kweli.

Tarehe 15 Septemba 2003 imani hiyo ilitikiswa huko Marekani. VeriSign, inayotunza orodha ya majina yanayoishia na .com na .net, ilianza kutoa anwani hata kwa majina yasiyokuwepo. Aliyekosea herufi alijikuta kwenye Site Finder, ukurasa wa kampuni hiyo wenye viungo vya kibiashara. Wahandisi walikasirika, na haki ilikuwa yao. Jibu la “hakuna” lina kazi: mitambo ya barua pepe hulitumia kutambua barua taka zinazotumwa kwa majina ya kubuni, na sasa kila jina la kubuni lilionekana halisi. ICANN, inayosimamia majina ya mtandaoni, iliamuru jambo hilo likome. Likazimwa tarehe 4 Oktoba. Baadaye watoa huduma waliiga mbinu hiyo kwenye seva zao. Kampuni ya Comcast ya Marekani ilianza mwaka 2009 na kuacha mwaka 2012.

Afrika Mashariki ubishi umehusu zaidi upelelezi na kufungiwa kuliko matangazo. Machi 2017, kituo cha CIPIT cha Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilitangaza kuona dalili za mtambo wa kati kwenye mtandao wa kampuni ya simu ya Safaricom. Mtambo wa aina hiyo unaweza kuharakisha data, na unaweza pia kuichunguza. Mteja hana namna ya kujua unafanya lipi, na hilo ndilo kosa kubwa.

Tanzania, tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya Uchaguzi Mkuu, Twitter na WhatsApp zilikwama. Wengi walikimbilia VPN, ambayo husafirisha data kwa siri hadi seva ya mbali, hivyo kampuni ya simu haioni tovuti inayotafutwa. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitaka wanaotumia VPN wajitambulishe ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Mei 2025 mtandao wa X, yaani Twitter ya zamani, ulifungiwa. Serikali ilieleza kuwa unaruhusu picha za ngono, kinyume cha sheria za nchi. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo VPN haikufaa kitu, kwani hapakuwa na njia ya kupitishia data.