Filimbi na Mwanafunzi Wake

Kijana atakaye kujifunza filimbi huuliza kwanza, "Nitaipata wapi?" Hapa Kinyala swali hilo ni jepesi, maana mianzi tunayo. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipopita Unyakyusa mwaka 1879 alistaajabia unadhifu wa nyumba za wenyeji, nazo zilijengwa kwa mianzi. Watu walioweza kuukata mwanzi na kuupasua hata wakajenga nyumba, hawashindwi na kipande kifupi chenye matundu. Swali la pili ndilo zito: "Atakayenifundisha ni nani?" Katika habari za filimbi hilo ndilo lililoamua mara nyingi kama chombo kitaendelea kulia au kitanyamaza.

Yatupasa tuelewane juu ya jina. Kiswahili chaita filimbi kile cha refa na kile cha mpiga nyimbo pia, na watoto wengi wakijua cha kwanza tu, maana ndicho kiwaitacho darasani. Mimi nasema juu ya kile chenye matundu. Ni chombo cha kale mno: mwaka 2008 wachimbaji katika pango la Hohle Fels, Ujerumani, waliona filimbi ya mfupa wa tumbusi yenye matundu matano, nayo yakadiriwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 35,000.

Sauti yake hutoka hivi. Pumzi nyembamba hupiga ukingo mkali, ikayumba upesi mara ndani, mara nje, na hewa iliyomo ndani ya mwanzi hutikisika pamoja nayo. Kidole kikiinuliwa, hewa hiyo ni kama imefupishwa, na sauti hupanda. Kwa hiyo anayeanza hahitaji nguvu; apulizaye kwa nguvu hupata kizunguzungu, wala sauti haji nayo. Na aanze matundu yakiwa wazi yote, kisha azibe moja moja, kutoka lile lililo karibu na mdomo kwenda chini. Wengi hulaumu mdomo, kumbe ni kidole kisichoziba sawasawa.

Nai ipigwayo katika taarabu ya Unguja haina mkato mdomoni, hivyo mwanafunzi wake aweza kukaa siku nyingi akisikia upepo mtupu. Waganda humsaidia mwanafunzi tangu mwanzo: filimbi yao, iitwayo endere, hukatwa pembe ndogo mdomoni, na mkato huo huiongoza pumzi. Ina matundu manne, basi hutoa sauti tano, nazo zatosha, kwa kuwa nyimbo zao za asili huenda kwa sauti tano.

Nawataja Waganda kwa sababu kwao twaona vizuri jinsi mpigaji alivyopatikana. Katika ikulu ya Kabaka huko Mengo palikuwa na kundi la wapiga endere, walioitwa abalere. Filimbi kubwa na ndogo zililia pamoja, zikifuatwa na ngoma. Hapakuwa na kitabu; aliyeanza alisikiliza na kufuata. Na alianza na wimbo wenyewe, maana katika Luganda kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na tuni hufuata maneno. (Kinyakyusa hakina jambo hilo, kama vile Kiswahili kisivyo nalo, hivyo kijana wa kwetu hawezi kutegemea maneno yamwonyeshe tuni, sikio lake lina kazi zaidi.)

Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, waliishambulia ikulu ile. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Vyombo vingi viliteketea, wapigaji wakatawanyika, na katiba ya mwaka 1967 ikazifuta falme zote za Uganda. Angalieni jambo hili: mianzi na matete havikuteketea. Mtu yeyote aliweza kukata endere siku ya pili yake. Kilichovunjika ni mahali pa kuketi kando ya ajuaye. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993 ilikuwa imepita miaka 27, na mtoto wa miaka kumi wa siku ile alikuwa mtu wa miaka 37.

Yaliyosalia yalisalia ndani ya watu. Evaristo Muyinda, mmoja wa wapigaji wa ikulu, alikuwa amekwisha kuanza kuwafundisha wengine kabla ya maafa hayo, hata wageni: Gerhard Kubik wa Austria alijifunza kwake tangu mwaka 1959. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilifaa kuliko makabati yote ya vyombo vya kutazamwa.

Kule Uingereza, mwalimu mmoja, Margaret James, alishika njia nyingine katika miaka ya 1920. Aliwapa watoto mianzi wajikatie wenyewe. Mtoto alitoboa tundu moja, akalipanua kidogo kidogo hata sauti ikakaa sawa, akapiga alichoweza, ndipo akaenda kwenye tundu la pili. Chama chao kiliundwa mwaka 1932, na mtunzi mkubwa Ralph Vaughan Williams aliwaandikia muziki mwaka 1939. Njia hii nadhani yatufaa, maana huyo mtoto alipomaliza filimbi alikuwa amekwisha kuzoeza sikio.

Tarumbeta zetu zina habari nyingine. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kupiga tarumbeta ni desturi ya kanisa lao tangu Herrnhut katika karne ya 18. Tarumbeta hununuliwa kwa fedha nyingi, lakini anayeanza huketi kati ya wakubwa, akashika sauti ya chini mpaka aizoee. Kijana wa Kinyala mwenye kisu, mwanzi mkavu na msumari uliotiwa moto aweza kuwa na filimbi kabla jua halijatua. Akiisha kutoboa tundu la kwanza, na aichukue kwa mpiga tarumbeta aliye jirani yake, amwombe aisikilize.